Ng'ambo haikuwa kiwanja kitupu

Kila ikitangazwa kwamba mtaa fulani wa Ng'ambo, upande wa mashariki wa mji wa Zanzibar, utavunjwa kupisha nyumba za ghorofa, mabishano yetu hupita njia zile zile. Wapo wanaosema nyumba zenyewe zimechoka, mabati yanavuja, vichochoro havipitishi gari ya wagonjwa wala ya zimamoto, basi ziondoke na heri. Wapo wanaouliza fidia iko wapi, na kama mwenye nyumba wa leo hatageuka mpangaji kesho. Kwahani, mmoja wa mitaa hiyo, ilipovunjwa ili ijengwe upya tuliyasikia yote hayo, na yote ni maswali ya haki. Kilichokosekana ni swali la historia. Ilichukuliwa tu, bila ya mtu kulisema kwa sauti, kwamba historia ya mji huu inakaa upande wa pili wa barabara, Mji Mkongwe, kwenye milango ya nakshi na majumba ya mawe, na kwamba huku kwetu kuna makaazi ya watu basi. Naona kosa limeanzia hapo. Ng'ambo ina historia nyingi, ila sehemu kubwa yake haikuwekwa kwenye kuta. Imewekwa kwenye mpangilio wa ardhi: njia inapopinda, kiwanja kinapoishia, msikiti unapoelekea, uwazi ulioachwa mbele ya nyumba hii na usiachwe mbele ya ile. Kuta zinaweza kuondoka. Nyingi zimeshaondoka na kurudi mara kadhaa. Mpangilio ukifutwa kabla ya kupimwa na kuandikwa, hakuna fundi wa kuurudisha.

Anayetaka kuliona hili na aanzie Darajani, kwa miguu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Pale ambapo leo magari yanasukumana mbele ya soko lililojengwa mwaka 1904, palikuwa na mkono wa bahari ulioingia kutoka kaskazini na kuufanya Mji Mkongwe karibu kisiwa. Watu walivuka kwa daraja. Baadaye ule mkono ukajazwa kidogo kidogo, juu yake ikapita barabara ambayo Waingereza waliiita Creek Road na ambayo sasa ina jina la Rais Benjamin Mkapa. Mvua za masika zikikolea, maji bado hutuama maeneo hayo kama kwamba hayajapata habari. Mtu anaivuka barabara ile kwa hatua chache, lakini sheria haivuki naye. Upande wa magharibi kuna hekta 96 zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, zikiwa na mamlaka yake maalumu tangu 1985, ambako hata kubadilisha mlango kunahitaji kibali. Upande wa mashariki mtaa mzima unaweza kusafishwa bila ya mtu kulazimika kuchora hata vichochoro vyake.

Mstari huo hatukuuchora sisi. Utawala wa kikoloni ndio uliougawa mji kwa vifaa vya ujenzi, mawe huku na udongo kule, na watu wakagawiwa humo humo kwa rangi na asili zao. Mpango wa mji wa mwaka 1923, uliotungwa na mpangaji miji Mwingereza H. V. Lanchester, uliendeleza mgawanyo huo badala ya kuuhoji. Mapinduzi ya 1964 yaliupindua utaratibu wa nani anatawala na nani anamiliki. Ule mstari wa barabarani ulibaki, na tulipofika wakati wa kuamua nini ni urithi na nini si urithi, tuliufuata kama tulivyoukuta. Inanishangaza kwamba watu wanaokasirishwa, na kwa haki, na kila alama ya ukoloni hawaoni ajabu katika jambo hili.

Sasa tuingie ndani, Mchangani, Mlandege, Kisiwandui, tupite nyuma ya maduka. Jambo la kwanza linalomgusa mtembeaji ni kwamba hakuna kitu kilichonyooka. Wengi husema mitaa hii ilijengwa holela. Holela ni neno la mtu aliyetazama kwa haraka. Kwa mfano, tazama misikiti midogo ya mitaani. Kwetu Unguja kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja, na msikiti hauna hiari katika hilo. Nyumba ina hiari. Ukikuta mahali ambapo nyumba kadhaa zimekaa sambamba na msikiti na njia imejipanga nao, ni rahisi kufikiri kwamba msikiti ulikuwepo na mtaa ukaja kuuzunguka. Ukikuta msikiti umekaa upande, umeacha kipembe cha ardhi cha pembetatu kati yake na njia, inaelekea njia ndiyo iliyotangulia, na kile kipembe mara nyingi ndicho kilichopata kisima, birika la kutawadhia, au barza ya wazee. Hapo unasoma nani alitangulia kati ya waumini na wapita njia, bila ya kibao wala mtembeza watalii. Sidai kwamba kanuni hii haikosei. Nasema ni ushahidi wa aina ambayo mchimbaji wa mambo ya kale angeuchora kwa uangalifu kama angeukuta chini ya mchanga Unguja Ukuu, kwenye mabaki ya mji wa kale, na sisi tunao juu ya ardhi, na tunaupitia kila siku tukienda dukani.

Jambo la pili ni namna nyumba zinavyobanana. Nyumba ya Ng'ambo tunaijua sote: barza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba kulia na kushoto, uani kuna jiko na choo. Kisichojulikana sana na vijana ni kwamba kwa muda mrefu mwenye nyumba hakuwa mwenye ardhi. Sehemu kubwa ya Ng'ambo ilikuwa mali ya matajiri waliokaa upande wa mawe, au ilikuwa wakfu, na watu walijenga juu yake nyumba zao wenyewe. Kodi ya ardhi ilipopandishwa na kusimamiwa kwa ukali, wapangaji wa Ng'ambo walikataa kulipa. Huo ndio mgomo wa mwaka 1928, mmoja wa migomo mikubwa ya watu wa kawaida kabla ya siasa za vyama, na ulifika hadi umati kuwatoa kwa nguvu watu waliofungwa kwa kutolipa. Mwaka huo huo mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuja kuishi Ng'ambo, alikwenda Bombay kurikodi santuri. Siti anakumbukwa, na alhamdulillahi. Mgomo hauna hata jiwe la kumbukumbu. Lakini mpangilio ule wa nyumba kusimama juu ya ardhi ya mtu mwingine ndio nadhani unaoeleza mengi ya tunayoyaona: kwa nini watu walijenga hadi ncha ya mwisho ya walichokubaliwa, kwa nini uchochoro ni wa upana wa mtu na mzigo wake kichwani, kwa nini uwazi uliobaki ukawa wa wote. Mgomo ule unasomeka chini, kwenye vipimo vya viwanja.

Mbele kidogo matabaka yanaongezeka. Raha Leo kuna kituo cha jamii kilichojengwa na serikali ya kikoloni katikati ya miaka ya 1940, wakati Waingereza walipoanza kuona kwamba Ng'ambo inahitaji kutulizwa kwa huduma. Pakawa na redio, Sauti ya Unguja, na asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964 ni kutoka hapo wanamapinduzi walipozungumza na nchi. Kituo kilichokusudiwa kutuliza watu ndicho kilichotangaza kwamba mambo yamegeuka. Kikwajuni na Kilimani kuna majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Kisiwandui kuna kaburi la Mzee Abeid Amani Karume, mahali alipouawa tarehe 7 Aprili 1972. Michenzani kuna ubao wa maandishi wa Kisonge, maskani ya wafuasi wa CCM, ambao tangu kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992 umeandikwa mambo mengi, mengine ya kuchoma, na mtu yeyote atakayeandika historia ya siasa zetu atajuta kama maandishi yale hayakupigwa picha.

Na kuna majumba ya Michenzani yenyewe, ambayo katika mjadala huu ni shahidi muhimu kwa sababu ndiyo jaribio letu la kwanza kubwa la kuifuta Ng'ambo na kuiandika upya. Wazo lilikuwa la heshima kabisa: mkulima na mchukuzi wakae kwenye nyumba ya kisasa yenye umeme na maji ya bomba, sawa na waliokuwa wakiwatumikia, na watu wengi walijitolea nguvu zao katika ujenzi. Majumba yakapangwa kando ya barabara mbili pana zinazokatana msalaba. Mpango mkubwa wa kuigeuza Ng'ambo yote haukukamilika, na ndiyo maana ukipita chini ya jumba lolote na kutokea nyuma unajikuta ghafla kwenye vichochoro vya zamani, na nyumba zimekatwa pale mstari wa ujenzi ulipopita. Mzee mmoja niliyemkuta ameketi hapo aliwahi kunionesha kwa bakora yake, juu ya uwanja ambao sasa watu wanaegesha magari: "Hapa mwanangu ukumbi, pale uani, pale jiko la marehemu mama." Alikuwa na ramani kamili kichwani. Kwa kiasi ninachojua mimi, ramani hiyo haikuwahi kuchorwa na ofisi yoyote kabla nyumba haijaanguka, na yeye hakuwahi kuulizwa.

Tuwe waadilifu kwa wanaotaka ghorofa, maana hoja zao ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi tunaotembea mitaani kushangaa misikiti. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 kati yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Karibu nusu ya nchi imejazana kwenye kona moja ya Unguja. Tusipojenga kwenda juu mjini, tutaendelea kwenda pembeni, na pembeni ni mashamba: minazi, mihogo na mikarafuu iliyogeuzwa viwanja tunaiona kila tukitoka nje ya mji. Vyoo vya shimo vilivyo karibu na visima si urithi wa kujivunia; kipindupindu kimetutembelea mara nyingi kutosha. Mama anayebebwa kwenye kiti na vijana kupitishwa uchochoroni hadi barabarani ili akajifungue hatafarijika akiambiwa uchochoro ule una historia. Hoja hizi zinanitosha kukubali kwamba mitaa mingi ya Ng'ambo itajengwa upya, na kwamba inastahili kujengwa upya.

Kwa upande wa pili wapo, wachache lakini wasomi, wanaotaka Ng'ambo ipewe hadhi ile ile ya Mji Mkongwe na kuguswa kukatazwe. Ninawaelewa, ila naona wanaomba dawa ambayo mgonjwa wa jirani haikumponya. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa na kila ulinzi wa karatasi unaoweza kupatikana duniani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafariki. Na mitaa ya mawe iliyobaki imara imezidi kuwa ya hoteli na maduka ya vinyago, huku wenyeji wakihamia nje ya mji kwa sababu kodi na gharama za kutengeneza nyumba ya chokaa na mawe hawaziwezi. Ukiipa Ng'ambo hadhi hiyo hiyo kwa utaratibu huo huo, baada ya muda utapata vichochoro vizuri visivyo na watoto wa kucheza mpira ndani yake.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayosikika kuliko zote, ni ile ya udongo. Eti nyumba ya miti na udongo, iliyoezekwa makuti na kisha mabati, haiwezi kuwa na historia kwa sababu haidumu. Jiwe ndilo linalodumu. Wanaosema hivyo waende Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, kwenye kibla chake yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na kila kitabu cha skuli kinautaja kwa fahari. Lakini sehemu kubwa ya jengo lililosimama leo ilijengwa upya karne ya 18. Hakuna anayesema kwa hiyo msikiti ule ni mpya. Tunakubali kwamba ukale wake uko kwenye mahali, kwenye kibla, na kwenye kuendelea kutumika, hata kama kuta zimebadilishwa. Nyumba ya Ng'ambo ni hivyo hivyo: fito zilioza zikabadilishwa, udongo ulikandikwa tena, paa likavuliwa makuti likavishwa bati, ukuta wa mbele ukaja kuwa wa matofali mtoto alipopata kazi, na ukumbi ukabaki palepale. Isitoshe, nyumba nyingi za Mji Mkongwe tunazoziita kongwe ni za karne ya 19, na wakati huo Ng'ambo nayo ilikuwa tayari inakaliwa na inakua ng'ambo ya maji. Umri haukuwatenganisha. Waliotenganishwa ni waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe na wasiokuwa nao, na sasa tunaugeuza umaskini wa babu kuwa ushahidi kwamba mjukuu hana cha kuhifadhiwa.

Pia kuna wanaosema wazee wapo, watasimulia. Wazee wanaondoka, na simulizi bila ramani huishia kuwa hadithi ya "hapo zamani palikuwa na nyumba yetu, sijui wapi".

Kama nilivyosema, sitaki kuta zifanywe sanamu. Ninachokitaka kina gharama ndogo ukilinganisha na bei ya saruji ya ghorofa moja. Kabla ya tathmini ya fidia, mtaa upimwe: kila njia na upana wake, kila kiwanja na aliyewahi kukaa humo kwa kadiri wanavyokumbuka majirani, kila kisima hata kilichofukiwa, kila kaburi, kila msikiti na kipembe chake. Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, na wazee wa mtaa wakae na wapimaji, si siku ya kupiga picha na waheshimiwa, bali kwa wiki zinazohitajika. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wanaotafuta cha kufanyia utafiti. Nakala ziende kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Kisha wasanifu wapewe ramani hiyo na waambiwe waanze nayo: njia kuu za miguu zibakie njia hata zikipita kati ya majengo mapya, uwazi wa wote usigeuzwe wote kuwa maegesho, misikiti isibaki imezungukwa na ukuta wa duka. Michenzani imeshatufundisha kwamba watu hutafuta njia zao za zamani hata ukiwawekea jumba mbele. Wanapita chini yake.

Nategemea nitaambiwa haya yatachelewesha ujenzi. Yatachelewesha, ndiyo, kwa miezi. Lakini wanaoona kupima mtaa ni anasa ya wapenda historia wafikirie suala moja ambalo halina mapenzi ndani yake. Baada ya Mapinduzi ardhi yote iliwekwa chini ya serikali, lakini wakfu haukufutika. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ipo hadi leo na ina mali za kusimamia na wanufaika wa kuwajibikia, kuanzia misikiti hadi koo. Hati za zamani za kwetu hazikuwa na namba za viwanja. Zilitaja mipaka minne: upande wa kibla nyumba ya fulani, upande wa matlai (mashariki) njia, upande wa suheli (kusini) kisima, upande wa magharibi shamba la wakfu. Hati ya namna hiyo ina nguvu maadamu njia ipo na kisima kinajulikana kilipo. Tingatinga likishapita, aliyeishika hati hiyo ataitwa mbele ya kamati aeleze mpaka wake ulikuwa wapi, na atakachokuwa nacho mkononi ni karatasi inayotaja njia ambayo serikali yenyewe haikuwahi kuichora.